Kiapo cha Ndama wa Mgodini

Watu wa Mgodini, kitongoji kilichojificha nyuma ya vilima ukitoka Butiama kwenda Buswahili, watakuambia kwamba Stanislausi Nyamburi ni mtu mgumu. Haazimishi jembe, hanywi pombe ya mtu, na kanisani hukaa benchi la nyuma ili awe wa kwanza kutoka. Yote hayo ni kweli. Lakini waulize ni nani mwingine pale aliyewahi kupenda kitu kimoja tangu ujana wake hadi uzee bila kuchoka, uone kama watapata jina la kukutajia. Wengi wao hata wake zao hawakuwapenda nusu ya hapo.

Kitu chenyewe kilikuwa kichwa cha treni. Usifikirie yale matreni marefu ya Mwanza na Tabora. Hiki kilikuwa kidogo, mtu mrefu akisimama kando yake aliweza kuweka kiwiko juu ya boila. Wazungu waliochimba dhahabu pale enzi za ukoloni walikileta kwa meli hadi bandari ya Musoma kikiwa vipande vipande, kikakokotwa na maksai mpaka mgodini, kikaungwa. Reli yake ilikuwa nyembamba. Mtoto wa shule aliweza kukanyaga chuma cha huku na cha kule kwa wakati mmoja bila kupanua miguu sana. Kilikula kuni na kunywa maji, na kazi yake ilikuwa kuvuta matoroli ya mawe kutoka shimoni hadi kwenye kinu cha kusagia. Kwa kuwa kilikuwa kifupi, na sauti yake ilikuwa ya kitu kilichonyimwa ziwa la mama, watu walikiita Ndama, na tangu hapo hakuna aliyekisema kama chuma. Walisema Ndama anakuja, Ndama amechoka, Ndama leo ana hasira.

Dereva wa Ndama alikuwa mzee Nyamburi, baba yake Stanislausi. Kijana naye aliingia kazini ndevu zikiwa ndiyo kwanza zinaota, akapewa kazi ya kutia kuni. Baba yake hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimfundisha kusikiliza tu. Boila likikosa maji hulia kabla halijapasuka, alisema, na asiyesikia atazikwa kwa vipande. Stanislausi akajifunza kusikia. Siku baba yake alipougua homa, alimwendesha Ndama peke yake, akapita mbele ya boma lao akipuliza king'ora mpaka ng'ombe wakakata kamba. Alichapwa kwa ajili ya kamba zile, mtu mzima mwenye mshahara, na hakujali. Hakuna siku nyingine katika maisha yake, hata ya ndoa, aliyowahi kuisimulia kwa furaha kama hiyo.

Kisha dhahabu ikapungua, na wenye mgodi wakaondoka na vilivyokuwa na bei. Ndama hakuwa na bei. Walimwacha pale reli ilipoishia, kando ya boma la Nyamburi, kwa kuwa hakuna aliyetaka hasara ya kumbeba. Nchi ilikuwa na mambo mengine ya kufikiria, na treni dogo la mvuke lililozeeka halikuwa mojawapo.

Nyamburi akafa. Stanislausi akamwoa Mary, akalima mihogo na mtama, akafuga ng'ombe wachache. Lakini kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, alimpaka Ndama mafuta. Mwanzoni alitumia samli iliyochacha, Mary akagomba mpaka majirani wakasikia. Baadaye akawa anaenda Bunda kuomba oili chafu kwenye gereji, anarudi na dumu kwenye baiskeli, nguo zote madoa. Aliziba mdomo wa bomba la moshi kwa karai kuukuu ili mvua isiingie. Alisugua, akapaka, akaingiza mkono mpaka begani kwenye tanuri kutoa majivu na viota vya panya. Watu walimcheka wakasema ameoa mke wa pili. Mary akawajibu kisimani, "Mke mwenzangu haombagi kitenge wala haumwagi kichwa. Niacheni naye."

Hayo yangeendelea hivyo mpaka kaburini, kama isingekuja njaa ya vyuma. Wanunuzi wa skrepa walianza kupita na pikipiki na mizani za kuning'iniza, na ghafla kila mtu Mgodini akaona kwamba amelala juu ya mali. Reli ikang'olewa. Matoroli yakaondoka. Mataruma ya mbao yakapikia ugali. Hata kile kipande cha reli kilichoning'inia shuleni kama kengele kilitoweka, watoto wakawa wanaitwa kwa filimbi ya mdomo, na wazazi walewale waliokiuza wakalalamika kwamba shule imezorota. Asubuhi moja Stanislausi alikuta bomba la shaba la Ndama limekatwa. Alikwenda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti wa wakati ule alimsikiliza huku anachokonoa meno, akamuuliza, "Hilo dude lina hati, mzee?" Basi.

Akarudi nyumbani akiwa amekwishaamua.

Pande zile mtu mwenye shamba linaloibwa hulifunga kiapo. Hutundika pembe, kipande cha ngozi na kitambaa cheusi, na mwizi akigusa, kiapo humkamata. Aliyefunga ndiye mwenye kufungua, kwa mkono wake. Mwingine akijaribu, anajitafutia. Kufunga kiapo cha kweli kunataka mtu wa mila na mbuzi, na Stanislausi hakuwa na mbuzi wa kupoteza. Aliokota pembe ya ng'ombe nyuma ya zizi, akaijaza majivu ya tanuri la Ndama yaliyokandwa kwa oili chafu, akaifunga kwenye bomba la moshi kwa ukanda wa ngozi. Kisha akaenda mnadani siku ya soko la ng'ombe, akangoja watu wajae, akatangaza.

"Atakayemgusa Ndama ili amvunje, meno yake yatafunga. Hatakula, hatasema, mgongo utapinda kama upinde mpaka afe. Nimemaliza."

Hilo la meno alilitoa wapi, hata yeye hakujua. Lilimjia mdomoni lenyewe, na alipoliona linavyowabadilisha watu rangi akafurahi nalo. Ni Mary tu aliyejua kwamba pembe ilikuwa tupu, majivu na oili basi. Hakucheka. Alisema, "Wewe, baba Lucy. Neno kama hilo mtu anasemaga tu, halafu siku nyingine hapati pa kulitemea."

Lakini lilifanya kazi, tena kuliko askari. Mseti, mnunuzi wa skrepa wa Bunda, mtu ambaye angenunua hata misumari ya jeneza, alifika mpaka mita chache kutoka kwa Ndama, akaiona pembe, akageuza pikipiki. Kina mama walikataza watoto kucheza pale. Mzee Magige, rika lake Stanislausi na mshika mila wa kitongoji, alikasirika kidogo kwamba hakuitwa kwenye kufunga, kisha akakubali kwamba kila mtu ana mtu wake wa kumfungia. Stanislausi aliwaangalia wote hao wakipita mbali na Ndama kama wanaopita kwa mtu anayewadai, na usiku alicheka mpaka kitanda kikatikisika. Aliwadharau, ndiyo ukweli. Alijiona mjanja peke yake katika kijiji cha wajinga.

Miaka ikaenda. Mary akafariki. Binti yao Lucy aliolewa Musoma. Oili iliendelea kuja kwa dumu.

Kisha akaja Edwin.

Edwin alikuwa kijana wa ofisi ya mambo ya kale, aliyetumwa kutafuta vitu vya zamani vya kuwekwa kwenye makumbusho ndogo iliyokuwa itajengwa Musoma karibu na ziwa. Aliteremka kwenye gari jeupe akiwa na kamera, na kitu cha kwanza alichofanya ni kupiga magoti kwenye tope, akaingia chini ya Ndama na shati lake jeupe. Alipotoka alikuwa na oili mpaka masikioni, na anatabasamu.

"Shikamoo, mzee wangu. Huyu mnamwitaje?"

Stanislausi alimpenda kwa ajili ya hilo "huyu". Wakakaa mpaka jua likapanda. Edwin alimweleza kwamba vichwa vya mvuke vya reli nyembamba viliwahi kuwa vingi, kwenye migodi na kwenye mashamba ya mkonge, na karibu vyote vimeyeyushwa vikawa nondo na sufuria. Vilivyobaki vimeliwa na kutu mpaka ukigusa kidole kinazama. Huyu, alisema, boila lake ni zima. Linaweza kutengenezwa. Watatandika kipande cha reli pale ziwani, watajenga banda, na mara moja kwa mwaka watawasha moto watu waje waone Ndama anavyotembea.

"Na wewe ndiye utawasha, mzee wangu. Nani mwingine anajua?"

Stanislausi hakuwa amelia tangu mazishi ya Mary. Siku ile alilia mbele ya mgeni na hakuona haya. Alikuwa mzee, magoti yamechoka, jicho moja lina ukungu, na kitu pekee alichokuwa bado anakitaka duniani ni kuweka kuni kwenye tanuri lile tena na kusikia boila likianza kuamka. Hakuwahi kumwambia mtu. Na sasa kijana asiyemjua alikuwa amemwambia yeye.

Lilibaki jambo moja, alisema Edwin. Mkutano wa kijiji lazima uridhie. Siku hizi ofisi haichukui kitu cha watu bila ridhaa ya jamii. Stanislausi hakuona shida. Angefungua pembe yake mbele ya watu, atamke maneno mawili ya uongo kumalizia yale ya kwanza, na Ndama apande lori.

Edwin akamwalika Musoma kuona kiwanja. Mkubwa wake alichelewa kufika kutoka Dar es Salaam, leo kesho, leo kesho, na Stanislausi akawa amelala kwa Lucy, anakula sato na kwenda kila asubuhi kusimama kwenye ardhi iliyosawazishwa, akipima kwa hatua mahali banda litakapokaa. Simu yake, kitochi cha zamani, alikuwa ameiacha dukani Mgodini inachajiwa, kama alivyozoea. Lucy alimwambia hajawahi kumwona baba yake ana uso ule. Hata wajukuu aliwaimbia.

Ni hapo, katika siku zile zilizokuwa nzuri kuliko zote za uzee wake, ndipo mambo yalipoharibika Mgodini.

Nyangi, mke wa mtoto wa marehemu kaka yake Stanislausi, alikuwa na binti anaitwa Esta, darasa la pili. Kuku wao mmoja alikuwa na tabia ya kwenda kutaga kwenye tanuri la Ndama; kuku hawajui viapo. Siku fulani kabla mzee hajasafiri, Esta alifuata mayai. Alipokanyaga kibati cha ngazi, kilimkata chini ya mguu. Mtoto alijua amegusa kilichokatazwa. Hakumwambia mama yake wala mwalimu wala mtu yeyote. Alifunga kitambaa, akavaa viatu vya shule hata jioni, watu wakamsifu kwamba amekuwa nadhifu.

Meno yalimfunga akiwa anakunywa uji.

Walipomvua kiatu wakaona kidonda, wakamuuliza, akanyoosha kidole kuelekea kwa Ndama. Hakukuwa na la kuuliza zaidi. Kila mtu Mgodini, mkubwa kwa mdogo, alilijua neno lile la mnadani kwa moyo kama sala: meno yatafunga, mgongo utapinda. Zahanati ilikuwa mwendo mfupi, na hospitali ya Butiama ni pikipiki moja tu. Lakini nani anapeleka kiapo hospitali? Daktari atafungua alichofunga mwingine? Magige alisema dawa ni moja, aliyefunga aje afungue. Wakapiga simu, ikaita dukani. Wakamtuma mtu Musoma, akazunguka mjini hajui nyumba ya Lucy. Nyangi alimlaza mtoto karibu na mlango, mlango ukaachwa wazi kuelekea njia, ili mzee akitokea tu aonekane. Wakamsubiri.

Stanislausi alishuka kwenye basi na furushi la mandazi aliyopewa na Lucy kwa ajili ya watoto wa ukoo. Alikuta watu wamekaa chini uani kwa Nyangi, na udongo mbichi nyuma ya nyumba.

Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo ambalo mpaka leo linamnyima usingizi. Alitamani apigwe, atukanwe, mtu amrushie jiwe. Badala yake Magige alimshika mkono akamkalisha kwenye kiti.

"Kiapo hakina macho, ndugu yangu," alisema. "Wewe ulifungia wezi. Mtoto ndo kaingia njiani. Hata sisi tungefunga hivyohivyo."

Nyangi akaja akapiga goti akamwamkia, uso umevimba kwa kulia. "Pole na safari, baba," alisema. Alimpa pole yeye.

Wakamsimulia yote, moja baada ya jingine: mguu, kutu, meno, mgongo. Na walipokuwa wanasimulia, Stanislausi akakumbuka lile neno alilitoa wapi. Mgodini, miaka ile, alikuwepo mfanyakazi anaitwa Ngolo, aliyekanyaga msumari. Stanislausi alisaidia kumshika pale mgongo ulipopinda. Daktari wa mgodi aliutaja ugonjwa, pepopunda, na kesho yake wote walipangwa mstari wakachomwa sindano, na akawaambia mkikatwa na chuma msikae nyumbani, njooni upesi. Yeye mwenyewe alisimama kwenye ule mstari. Alijua. Alikuwa anajua siku zote, na alikuwa ameuchukua ugonjwa wa Ngolo akautundika kwenye bomba la moshi kuwatishia wezi, akasahau ulikotoka.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Laiti angeingia mwenyewe.

Mkutano wa kijiji ulifanyika baada ya matanga, kwenye uwanja wa shule. Edwin alikuja na faili lake. Alisimama akaeleza habari za makumbusho na za wageni watakaokuja, na watu walimsikiliza kwa adabu kama unavyomsikiliza mtu asiyejua kilichotokea nyumbani kwako. Alipokaa, Magige akasimama.

"Mgeni tumemsikia. Ila kitu kikishakula mtu, hakifunguliwagi. Kinavunjwa. Kinavunjwa kinaondoka, na mkono uliofunga ndo unaanza. Hivyo ndo tulivyokutaga kwa wazee. Na ndugu yangu hapa amezeeka, tusidanganyane. Akifa kabla hajakivunja, nani atakuja kukitoa? Kitabaki na wajukuu zetu."

Watu wakaitikia kwa chini. Stanislausi akainuka.

"Nitafungua," alisema. "Leo hii, mbele yenu. Halafu waache waende naye Musoma, awe mbali."

"Kwani Musoma hakuna watoto?" Magige akamuuliza.

Aliuliza kwa upole, na swali lilikuwa la haki.

Wakamtazama Edwin. Kijana alifungua faili, akalifunga. Akasema kwamba wao kama ofisi wanaheshimu sana maamuzi ya jamii, na prosija haiwaruhusu kuchukua kitu chenye mgogoro, na kwamba anasikitika. Alisema vizuri sana. Kisha akamwinamia Stanislausi sikioni. "Mzee wangu, kama kuna neno lolote la kuwatoa hofu, liseme sasa. Nikiondoka sitarudi tena."

Neno lilikuwepo. Lilikuwa fupi, na mtu mmoja tu aliye hai alikuwa nalo. Angesema pembe ile ni tupu, ni majivu na oili, njooni niimwage chini muone. Wangekasirika, wengine wangemwita mwongo wa mwisho, lakini hofu ingekwisha, na Ndama angepanda lori. Alikuwa tayari kuitwa mwongo. Kwa ajili ya Ndama alikuwa tayari kuitwa lolote.

"Pembe ile," alianza.

Watu wakamgeukia. Na kati ya nyuso zile akamwona Nyangi. Alikuwa amekaa kwenye majani mstari wa mbele, kanga ameifunga kichwani, mikono juu ya mapaja, anamwangalia yeye. Kama pembe ilikuwa tupu, basi Esta hakukamatwa na chochote. Alikatwa mguu. Alikuwa na ugonjwa wenye jina na sindano, hospitali ikiwa pua na mdomo, na mama yake alimlaza mlangoni akaangalia njia, akimsubiri mjinga mmoja atoke Musoma na mandazi. Stanislausi aliliona hilo lote likisubiri kumwangukia mwanamke yule. Alihisi chuki: kwa Magige na mila zake, kwa Edwin na faili lake, kwa Mseti na wezi wote waliomfanya atundike pembe, na zaidi ya wote kwa mzee mwenye jicho la ukungu aliyesimama pale mdomo wazi.

"Pembe ile nini, ndugu yangu?" Magige akauliza.

"Niliifunga mimi," alisema Stanislausi. "Nitaanza mimi."

Kama ilikuwa huruma au woga, hata yeye hajui, na amelifikiria mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote atakavyolifikiria. Watu walishusha pumzi. Edwin alimpa mkono, akapanda gari lake jeupe.

Mseti alikuja kutoka Bunda na lori, mitungi ya gesi na vijana wanne. Sasa alikuwa na ruhusa ya kijiji, hakuogopa tena. Alimwamkia Stanislausi kwa heshima kubwa, akamkabidhi nyundo. Kitongoji kizima kilikuwepo, wamesimama mbali kidogo, wanaume wamevua kofia.

Alipiga ubavuni mwa boila, mahali ambapo kiganja chake kilikuwa kimepaka mafuta kila mwaka tangu mgodi ufungwe. Pigo la kwanza lilikuwa la kitoto, likateleza. Akapiga tena, na tena, na alipoona chuma hakibonyei akaanza kupiga kwa hasira ya kweli, analia, anatukana kwa lugha ya kwao, na waliomwona walidhani anakitukana kiapo. Kichwa cha ribiti kikaruka. Magige akamshika bega, akamwambia yatosha, mkono umeanza.

Vijana wakawasha gesi. Walianza na bomba la moshi, na pembe ikatupwa kwenye moto wa majani bila mtu kuichungulia ndani. Mpaka alasiri Ndama alikuwa ni mabamba yaliyopangwa kwenye lori, kila bamba na makali yake mapya. Mmoja wa wale vijana alipitisha vidole ndani ya pande la boila, akamgeukia Stanislausi.

"Chuma kizuri hiki, mzee. Hakijaliwa hata kidogo."

"Ndiyo," alisema Stanislausi.

Lori likaondoka, na watu nao wakaondoka, wengine wakimwambia asante wanapopita. Alibaki amekaa juu ya jiwe, mbele ya udongo mweusi uliolowa oili. Nyangi akaja na ndoo na kata. Ilimpasa kuja, maana mfiwa ndiye anayemnawisha aliyevunja. Akammwagia maji mikononi polepole, mara nne, mpaka weusi ukaanza kutoka, na hakuondoka.

"Baba, nikuulize kitu."

"Uliza, mama."

"Nesi wa zahanati alipitaga nyumbani jana. Akaniambia eti ningemuwahisha Esta hospitali, angechomwa sindano." Alikuwa anaangalia ndani ya ndoo. "Mimi sikumjibu. Nikasema nitamuuliza baba, yeye ndo anajua alichofunga. Ningempeleka, angepona?"

Mikono ya Stanislausi ilikuwa bado imenyooshwa, inachuruzika maji.

"Asingepona," alisema. "Hata ungempeleka hospitali ya Bugando. Kilikuwa kiapo."

Nyangi akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Alisema asante, baba, akamwaga maji yaliyobaki, akachukua ndoo yake akaenda kuwapikia watoto waliobaki.